Je, Wajua? Toleo Jipya la Linux Likifika Sumbawanga

Je, wajua kwamba namba ya toleo la Ubuntu, mmoja wa mifumo ya Linux, ni mwaka na mwezi? Ubuntu 24.04 ni ya mwezi wa nne wa mwaka 2024, na ilitoka tarehe 25 Aprili. Ya kwanza kabisa, 4.10, ilitoka Oktoba 2004. Mwaka 2006 toleo lililotarajiwa Aprili liliahirishwa hadi Juni ili lipate kuiva, ndiyo maana ipo 6.06 na hakuna 6.04.

Wajua pia kwamba kila toleo hupewa jina la mnyama? Ngiri alitangulia. Kakakuona ni wa 12.04, na kiboko, jirani wa kila siku wa wavuvi wa Ziwa Rukwa, ni wa 21.04. Majina haya si mapambo. Kila jina lina maneno mawili, na lile la kwanza, kama jammy kwa 22.04 na noble kwa 24.04, ndilo jina la folda ambamo kompyuta huingia kutafuta vifurushi vya programu.

Je, wajua kwamba vifurushi hivyo hutoka kwenye maghala ya aina mbili? Lipo ghala rasmi la Ubuntu, lenye makumi ya maelfu ya vifurushi vilivyojengwa pamoja kwa ajili ya toleo husika. Na yapo maghala ya nje, ya watengenezaji wenyewe: QGIS ya kuchorea ramani, PostgreSQL ya kutunzia kumbukumbu, Docker na wenzake. Ghala rasmi huwa tayari siku toleo linapotoka. La nje huwa tayari siku mwenyewe atakapojenga vifurushi vyake upya kwa toleo hilo. Pengine ni siku hiyohiyo, pengine baada ya miezi, pengine asijenge kabisa. Shida karibu zote za programu za nje kwenye toleo jipya zinaanzia hapo.

Dalili yake ni hii. Umeandika sudo apt update, mistari inapita, mingi ikianza na Hit au Get. Mmoja unaanza na Err, na pembeni yake kuna 404 Not Found. Chini kabisa unaelezwa kwamba ghala fulani “does not have a Release file”. Wengi wakiiona 404 huulaumu mtandao, hununua bando jingine na kujaribu tena hadi nalo linakwisha. Mtandao hauna kosa. Seva imefikiwa na imejibu: folda ya noble bado haijawekwa.

Je, wajua kwamba jambo hilo unaweza kulihakiki kwa simu kabla hujagusa kompyuta? Maghala mengi yana folda iitwayo dists. Ifungue kwa kivinjari cha simu, uangalie kama jina la toleo lako limo. Ukurasa huo ni wa maandishi matupu na unakula kilobaiti chache. Natamani kila mwalimu wa maabara ya kompyuta, kuanzia Laela hadi Namanyere, afanye hivyo kabla ya kupandisha toleo hata kwenye mashine moja.

Wapo wanaoziba pengo kwa kuandika jina la toleo lililopita: kompyuta ni noble, wanaielekeza kwenye folda ya jammy. Programu iliyobeba vitu vyake vyote ndani yake huweza kukubali. Inayotegemea maktaba za mfumo huweza kukwama vibaya, na mfano mzuri ni wa mwaka 2022. Ubuntu 22.04 ilikuja na maktaba ya usalama ya OpenSSL 3.0 na kuiacha ile ya zamani, 1.1. Vifurushi vya hifadhidata ya MongoDB vilivyojengwa kwa 20.04 vilidai libssl1.1, vikaikosa, vikagoma. Watu wakaichukua libssl1.1 ya toleo la nyuma na kuipachika kwa mkono. Programu ikawaka, lakini kuanzia siku hiyo mashine ilibaki na maktaba ya usalama ambayo mfumo wake hauisasishi tena. Kwa kompyuta ya kujifunzia nyumbani, sawa. Kwa seva ya zahanati yenye kumbukumbu za wagonjwa, mimi nasema hapana.

Je, wajua kwamba kompyuta nyingi za zamani zitapotea kwenye kalenda tarehe 19 Januari 2038? Huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970 kwa namba ya biti 32, na namba hiyo itajaa saa 12 asubuhi, dakika 14 na sekunde 7, kwa saa za Afrika Mashariki. Sumbawanga, iliyo magharibi mwa nchi, jua litakuwa halijachomoza. Baada ya hapo mashine hizo zitadhani ni Desemba 1901.

Hilo linahusianaje na kusakinisha programu leo? Ili kuliepuka, Ubuntu na Debian, mfumo mwingine wa Linux, zilibadilisha kipimo cha saa kikawa cha biti 64, na maktaba nyingi zilizoguswa zikaongezewa alama t64 mwishoni mwa majina yao. Kuanzia 24.04, libasound2 inaitwa libasound2t64. Ukifuata mwongozo wa mwaka 2021 unaokuagiza kuandika sudo apt install libasound2, utajibiwa kwamba kifurushi hakina cha kusakinishwa. Andika jina jipya, kazi iendelee.

Je, wajua kwamba 24.04 nusura itoke ikiwa na mlango wa wizi? Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, alitangaza kwamba amekuta hila ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Alichokuwa ameona kwanza ni kuchelewa kwa nusu sekunde wakati wa kuingia kwenye mashine kwa njia ya SSH. Nusu sekunde tu. Ubuntu walisogeza toleo la majaribio kutoka 4 Aprili hadi 11 Aprili, wakajenga upya vifurushi ambavyo vingeweza kuwa vimeguswa. Ikiwa ghala rasmi, lenye macho ya watu wengi namna hiyo, lilikaribiwa kiasi hicho, lile la mtu mmoja usiyemjua linahitaji tahadhari kubwa zaidi. Kifurushi cha .deb kinaposakinishwa, maagizo yaliyomo ndani yake huendeshwa kwa mamlaka ya root. Hakuna faili kwenye kompyuta hiyo ambalo hayawezi kulifikia.

Ndiyo maana kila ghala hutia saini kwa ufunguo wake. Miongozo ya zamani hukufundisha amri ya apt-key, ambayo siku hizi imeachwa. Kasoro yake ni kubwa: ufunguo ulioingizwa kwa njia hiyo uliaminiwa kwa maghala yote, hivyo mwenye ghala la mchezo wa kompyuta angeweza kutia saini kifurushi cha mfumo na kikapita. Siku hizi ufunguo huwekwa kwenye /etc/apt/keyrings na kufungwa kwa ghala lake peke yake, kwa neno Signed-By. Ukikutana na mwongozo unaoanza na apt-key, ufunge, utafute wa karibuni.

Tupande sasa juu Ufipa kwenyewe. Je, wajua kwamba umeme wa Sumbawanga kwa miaka mingi umetoka Zambia? Na umeme wowote, utoke wapi, unaweza kukatika kifurushi kikiwa katikati ya kusakinishwa. Ukirudi, apt hukataa kufanya chochote na kusema dpkg, programu inayosakinisha vifurushi kwa niaba yake, ilikatizwa. Hapo kuna watu hufuta kila kitu na kuanza upya na flashi ya usakinishaji. Haina haja. dpkg huandika hatua zake kwenye /var/lib/dpkg kadiri inavyokwenda, hivyo inajua ilipoishia. Amri ya sudo dpkg --configure -a huiambia imalizie. Ikigoma, sudo apt --fix-broken install hufuata. Kupandisha toleo zima, kwa upande mwingine, ni kazi ya saa nyingi inayobadilisha maelfu ya vifurushi. Ifanye kwa laptopu yenye betri nzima, au subiri mpaka uwe na umeme wa akiba.

Je, wajua kwamba Ubuntu iliwahi kutumwa bure kwa posta? Kati ya 2005 na 2011, Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilimpelekea CD yeyote aliyeiomba, popote duniani, bila hata kulipia stempu. Mfumo wote ulienea kwenye CD moja isiyozidi megabaiti 700. Faili la kusakinishia 24.04 ya mezani linakaribia gigabaiti 6.

Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100, na data, kama bidhaa nyingine, ina gharama yake ukiwa mbali. Dawa ni kupakua mara moja na kugawana. Programu ya apt-cacher-ng, iliyomo kwenye ghala rasmi, hugeuza kompyuta moja ya maabara kuwa kituo: kifurushi kinachoombwa na mashine ya kwanza huhifadhiwa, na mashine zilizobaki hukichukua hapohapo chumbani kupitia mlango namba 3142. Angalizo moja: maghala mengi ya nje hutumia https, na hayo hayahifadhiwi hivihivi mpaka uyapangie kwenye mipangilio yake.

Mashine isiyo na mtandao kabisa nayo haijaachwa. Andika apt-get install --print-uris -y qgis, nayo itakutolea orodha ya anwani za mafaili yote yanayotakiwa, pamoja na ukubwa wa kila moja. Beba orodha hiyo kwenye flashi hadi mjini, yapakue, uyaweke kwenye /var/cache/apt/archives, kisha rudia amri ya kusakinisha bila --print-uris. Orodha ikishakuwa mbele yako, unajua bei ya safari kabla hujaondoka.

QGIS nimeitaja makusudi. Rukwa ni kati ya mikoa inayolisha nchi mahindi, na anayepima mashamba au kupanga matumizi ya ardhi ya kijiji anaihitaji. Ubuntu 22.04 huja na QGIS 3.22, 24.04 huja na 3.34. Ghala la QGIS lenyewe hutoa mpya zaidi. Swali la kujiuliza kabla ya kuongeza ghala la nje ni kama ile ya ndani inakosa jambo unalolihitaji kweli. Mara nyingi haikosi.

Mtandao nao, kama umeme, huweza kukatika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, siku 17 baada ya 24.04 kutoka, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Aliyekuwa katikati ya kusasisha mfumo siku ile alijifunza maana ya sudo apt full-upgrade --download-only, amri inayoshusha kila kitu kwanza na kusakinisha baadaye.

Je, wajua kwamba Kiswahili kiliingia kwenye programu za ofisi kupitia njia hii hii ya programu huria? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: kuandika barua, kupiga hesabu na kutengeneza mawasilisho, menyu zote kwa Kiswahili.

Na Kifipa? Kimo. Kompyuta nyingi za mezani zenye Ubuntu au Debian zina kifurushi kiitwacho iso-codes. Andika grep -i fipa /usr/share/iso-codes/json/iso_639-3.json, na mstari utakaotoka una jina la lugha hiyo. Jirani yake kwenye faili ni alama yake, fip. Kimambwe na Kilungu, kule Kalambo, vina mgr. Mkoa wa Rukwa nao umo kwenye faili la iso_3166-2, kwa alama TZ-20. Mfumo unaitambua Ufipa kabla hujaunganisha waya wa mtandao.

Je, wajua kwamba ukipandisha toleo, Ubuntu huyazima maghala yote ya nje yenyewe? Haijayafuta. Mafaili yake yako kwenye /etc/apt/sources.list.d, na programu ulizozichukua huko zinaendelea kufanya kazi, ila hazipokei masasisho. Wengi hawatambui, wakaishi na PostgreSQL isiyosasishwa kwa miaka. Fungua faili moja moja, badilisha jina la toleo, hakikisha folda yake ipo, ndipo uliwashe. Ghala lisilo na folda ya toleo lako liache limezimwa.

Toleo la muda mrefu, kama 22.04 au 24.04, huendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka 5, na kwa Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa mtu binafsi hadi mashine 5, hufika 10. Mashine ya 24.04 basi ina hadi 2034. Ubuntu wenyewe hawawaiti watumiaji wa toleo la muda mrefu lililopita kuhamia jipya mpaka sasisho la kwanza litoke, na kwa 24.04 hilo, 24.04.1, lilitoka tarehe 29 Agosti 2024. Miezi minne hiyo ndiyo ambayo maghala mengi ya nje hujaza folda zake, nami kwa kompyuta za shule na ofisi siioni sababu ya kuitangulia.

Matoleo ya katikati, kama 23.10 au 25.04, hupewa miezi 9 tu. Baada ya hapo hata ghala rasmi huyaondoa, na 404 ileile hurudi, safari hii kwa sababu umechelewa. Vifurushi vyake huhamishiwa old-releases.ubuntu.com; badilisha anwani kwenye faili la maghala, na mashine itapata njia ya kupandia toleo linalofuata.