Je, Wajua? Ramani ya Kisanskriti Iliyopita Biharamulo

Je, wajua kwamba mwaka 1861 ulipita Biharamulo msafara ambao kiongozi wake aliamini kuwa Wahindi wa kale walikwisha kuandika habari za ziwa letu la Victoria? Kiongozi huyo alikuwa Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile pamoja na mwenzake James Grant. Walipokuwa bado Zanzibar mwaka 1860, balozi mdogo wa Uingereza, Kanali Rigby, alimpa Speke makala yenye ramani. Mwandishi wake, Francis Wilford, alidai kwamba habari zile zilitoka katika Purana, vitabu vya dini ya Kihindu vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Ndani yake mlitajwa chanzo cha Nile kiitwacho Amara, na pia Milima ya Mwezi. Speke aliihusisha milima hiyo na Unyamwezi. Akasadiki moja kwa moja, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1863 aliyarudia madai hayo humo.

Njiani msafara ulikwama Usui, nchi ya Wasubi ambayo sehemu yake leo iko Biharamulo. Mtawala Suwarora alidai ushuru wa njia, uliokuwa ukiitwa hongo, wa nguo na nyaya. Siku zikapita katika majadiliano na wajumbe wake, na Speke akaondoka kwenda Karagwe bila kumtia machoni.

Je, wajua kwamba ramani ile ilitokana na maandishi ya kughushi? Kisa chenyewe kinastahili kujulikana na kila anayetaka kujifunza Kisanskriti. Wilford alikuwa afisa wa jeshi aliyeishi Benares, mji mtakatifu wa Wahindu kando ya Mto Ganges. Alimwajiri mwanazuoni wa Kihindu amtafutie katika Purana habari za Misri na Nile. Yule bwana, ili kujiepusha na kazi ya kupekua vitabu, akaanza kutunga. Pengine alibadilisha neno moja au mawili tu. Pengine aligeuza hadithi nzima. Na nyingine aliziandika kutoka kichwani mwake kwa kuungaunga aliyoyakumbuka. Makala yakachapishwa katika jarida la Jumuiya ya Asia ya Calcutta, iliyoanzishwa mwaka 1784 na Sir William Jones, na Jones mwenyewe akayasifu.

Wilford alipoanza kushuku, mwanazuoni wake alileta Wabrahmani kumi, watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, wamwapie kwamba maneno yale ni ya kweli. Viapo havikumsaidia. Wilford aliungama hadharani katika jarida lile lile mwaka 1805 kwamba alidanganywa, jambo ambalo kwa heshima ya mtu lilihitaji moyo mkuu. Hata hivyo, zaidi ya nusu karne baadaye Speke alikuwa bado anayategemea yale makala, kana kwamba ungamo lile halikuwahi kuandikwa.

Je, wajua kwamba lugha ya ukoo wa Kisanskriti ilisikika kweli Usui? Speke na kiongozi wa wapagazi wake, Sidi Mubarak Bombay, walizungumza Kihindustani. Bombay alikuwa Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa na kupelekwa India, na huko akaishi miaka mingi hadi bwana wake alipofariki naye akawa huru. Speke alimwambia jambo kwa Kihindustani, Bombay akalitoa kwa Kiswahili, na wengine wakalipeleka katika lugha za wenyeji. Kwangu mimi huyu ndiye shujaa wa safari ile.

Na chanzo chenyewe cha Nile? Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alionyesha chemchemi ya Rutovu, Burundi, kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Maji yake huingia Mto Ruvubu, hupita Ngara, na kuungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo.

Je, wajua kwamba Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha Kisanskriti kinachoheshimiwa kuliko vyote na wanafunzi wa yoga, ina mafungu mafupi 196 hivi, na yanayozungumzia mkao wa mwili ni matatu tu? Mengine mengi yanahusu kutuliza fikra na mwenendo wa mtu. Miiko ya kwanza ni mitano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia tamaa ya mwili na kutojilimbikizia mali. Anayejua yoga kwa kunyoosha viungo pekee hajafika hata nusu ya njia.

Herufi za Kisanskriti zimepangwa kwa kufuata kinywa. Tamka ka, cha, ta, pa polepole: sauti inaanzia nyuma kwenye koo, inasogea kwenye kaakaa, inagusa meno, inaishia midomoni. Mpangilio huo ndio somo la kwanza la mwanafunzi.

Je, wajua kwamba maneno ya Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, yamekuwa yakisomwa Afrika Mashariki tangu enzi za reli ya Uganda? Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu iliyoanzishwa katika mji wa Bombay, India, mwaka 1875, ilifungua tawi Nairobi mwaka 1903, na ibada yake kuu ni kusoma maneno hayo mbele ya moto.

Veda ni ya kale kuliko Purana, na ilihifadhiwa kwa ulimi kabla ya kuandikwa. Mwanafunzi huikariri kwa mpangilio wa kawaida, kisha kwa kusokota maneno: la kwanza na la pili, la pili na la kwanza, la kwanza, la pili na la tatu, halafu kinyumenyume, kisha mbele tena. Neno la kigeni likipenyezwa, mfuatano huvurugika na masikio ya wenzake hulinasa papo hapo. Purana hazikuwa na ulinzi wa namna hiyo, ndiyo maana mwanazuoni wa Benares aliweza kupenyeza ya kwake.