Gia Zikikataa Kuingia Asubuhi ya Baridi

Mkulima wa Kinangop, Ol Kalou, Molo au Timboroa ajua jinsi asubuhi za Julai zilivyo. Umande umeganda juu ya nyasi, ng'ombe wamekwisha kamuliwa, mikebe ya maziwa imepakiwa. Wakanyaga klachi na kusukuma mkono wa gia, nao hauendi. Ukiulazimisha, wasikia meno yakisagana chini. Saa zinakwenda, na maziwa yaliyochelewa huenda yasipokewe.

Wengi husema papo hapo kwamba giaboksi imekufa, wakaita fundi aifungue. Ngoja kwanza. Kufungua giaboksi ni kazi ya gharama, na mara nyingi ubaya hauko ndani yake.

Fahamu jinsi inavyofanya kazi. Gia huzunguka ndani ya oili nzito. Katika pikapu na malori mengi, kila gia ya mbele ina pete, nyingi zikiwa za shaba, ambayo mafundi huiita sinkronaiza. Pete hiyo huishika gia kama breki, mpaka mwendo wake ulingane na wa mhimili wake, ndipo meno huingiana bila kelele. Lakini ili ishike, ni lazima kwanza ifute oili iliyo katikati. Oili ikipoa huwa nzito kama asali, na pete haiwezi kuifuta upesi. Hivyo gia ya pili inanung'unika asubuhi, na baada ya kilometa chache yanyamaza. Ukiona hali hiyo, shuku oili kwanza; na kama oili ni nzuri, basi huenda pete zimeanza kulika.

Sasa fanya jaribio ambalo halina gharama yo yote. Vuta breki ya mkono, injini ikiwa imezimwa, kanyaga klachi na kupitisha mkono katika gia zote. (Gia moja ikigoma, huenda meno yamegongana tu, sukuma gari kidogo, ujaribu tena.) Kisha weka nyutro, washa injini, ukarudie. Zikiingia vizuri injini ikiwa imezimwa, na kukataa ikiwa inanguruma, klachi haiachi sawasawa. Zikiwa ngumu mara zote mbili, tazama oili, na pia vyuma au waya zinazotoka kwenye mkono wa gia, kwa maana matope na kutu hukaa huko.

Gia ya kurudi nyuma nayo ni shahidi mzuri, kwa kuwa katika magari mengi haina pete. Gari likiwa limesimama, kanyaga klachi mpaka chini, hesabu pole pole mpaka tano, halafu uitie. Ikisaga hata hivyo, usiilaumu baridi. Kagua klachi. Kama inatumia maji ya breki, angalia kikopo chake: yakipungua, yanavuja mahali. Ukipampu pedali mara mbili tatu na gia ikakubali, kuna hewa ndani au mipira imechakaa. Maji hayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo huchakaa hata bila kuvuja. Usiongeze oili ya injini wala dizeli humo, mipira itavimba.

Turudi kwenye oili, maana hapa ndipo wakulima wengi hudanganyika. Mwenye duka atakuambia kwamba iliyo nzito zaidi hulinda zaidi. Si hivyo. Iliyoandikwa 75W-90 hutiririka katika baridi vizuri kuliko iliyoandikwa 90 peke yake au 140. Tena, kama kitabu cha gari kinataka GL-4, usitie GL-5 kwa kubahatisha, kwani dawa zilizo ndani ya baadhi ya oili hizo huweza kula pete za shaba. Yako magari ambayo giaboksi yake hutumia oili ya injini. Fuata kitabu.

Ukitaka kupima, simamisha gari mahali tambarare na ufungue kizibo cha juu kabla ya cha chini. Ukimwaga oili yote kisha kizibo cha juu kikakataa kufunguka, utaijaza kwa njia gani? Katika giaboksi nyingi oili hufika ukingoni mwa tundu hilo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, labda ulipovuka mto. Uji mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ya kizibo si neno. Vipande vya chuma ndivyo vya kumpelekea fundi.

Kabla hujabadilisha oili, acha injini inguruma dakika moja au mbili nje ya banda, ukiwa nyutro, mguu umeondolewa kwenye klachi, ili oili ikorogeke. Gia ya pili ikikataa, rudi nyutro, achia klachi, kanyaga tena, ndipo uitie. Wako watu wanaoweka makaa chini ya gari. Usifanye hivyo: oili iliyovuja na bomba za petroli ziko karibu.

Trekta za zamani ni jambo jingine. Nyingi hazina pete kabisa, nazo hutiwa gia zikiwa zimesimama. Kusaga kwake ni haraka ya dereva. Katika Massey Ferguson 135, oili ya gia ndiyo pia inayoinua plau. Maji yakiingia humo, yataharibu gia na pampu pamoja.