Sandy Koufax, Mrushaji wa Mkono wa Kushoto

Leo tutawaelezeni habari za Sandy Koufax, mchezaji wa besiboli wa Marekani. Katika mchezo huo mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo, aliye mbali naye kadiri ya futi 60 na nusu. Mpigaji akikosea mara tatu, hutolewa.

Koufax alizaliwa Brooklyn, katika New York, mwaka wa 1935. Alipopata miaka 19 akaingia timu ya Dodgers. Mpira wake ulikwenda kwa kasi ya ajabu, lakini mara nyingi ulipotea njia. Kwa muda wa miaka sita alishinda mara 36, akashindwa mara 40.

Basi mwaka wa 1961, walipokuwa wakijizoeza, mdakaji mwenzake, Norm Sherry, alimshauri asirushe kwa nguvu zake zote. Koufax akasikia shauri lile, na mpira ukaanza kumtii. Tangu mwaka huo hata 1966 alishinda mara 129, akashindwa mara 47 tu.

Mwaka wa 1965 aliwatoa wapigaji 382. Siku ya tarehe 9 Septemba wapigaji 27 wa Chicago walimkabili, wala hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Mwezi uliofuata, mchezo wa kwanza wa kugombea ubingwa ulipoangukia Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, Koufax, aliye Myahudi, hakucheza. Timu yake ikashindwa siku ile. Lakini katika mchezo wa saba, akiwa amepumzika siku mbili tu, alirusha tangu mwanzo hata mwisho, na Dodgers wakapata ubingwa.

Lakini kiwiko chake cha kushoto kilikuwa na baridi yabisi, na baada ya kucheza alikuwa akikitia katika maji ya barafu. Mwezi wa Novemba 1966, baada ya kushinda mara 27 mwaka ule, aliacha mchezo akiwa na miaka 30, kwa kuogopa kuharibu mkono wake kabisa. Mwaka wa 1972 akachaguliwa miongoni mwa wachezaji wa heshima kuu.

Twaona, basi, kwamba nguvu alizaliwa nazo. Lakini kusikia shauri, na kujua wakati wa kuacha, hayo aliyachagua mwenyewe.