Je, Wajua? Mlinzi wa Kiganja Kimoja

Je, wajua kwamba mtu mwenye kiganja kimoja tu aliwahi kucheza NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani? Anaitwa Shaquem Griffin. Kazi yake ilikuwa ulinzi: kumfukuza mwenye mpira na kumwangusha.

Alizaliwa Florida mwaka 1995. Akiwa bado tumboni, nyuzi za utando wa uzazi zilimzonga mkono wa kushoto, vidole visikue. Maumivu yalikuwa makali mno. Usiku mmoja, akiwa na miaka 4, mama yake alimkuta jikoni ameshika kisu, anataka kujikata vidole mwenyewe. Haikuchukua muda, madaktari wakakiondoa kiganja.

Baba yake hakumficha ndani. Alimtengenezea kipande cha mbao cha kumsaidia kunyanyua vyuma, na mazoezi hayo yalizaa matunda. Mwaka 2018, kwenye majaribio ya NFL, Shaquem alivaa mkono wa bandia akanyanyua chuma cha kilo 102 mara 20! Kisha akakimbia yadi 40, yaani mita 36 na ushee, kwa sekunde 4.38. Tangu 2003, hakuna mlinzi wa nafasi yake aliyekuwa ametimua mbio hivyo katika majaribio hayo.

Timu ya Seattle Seahawks ilimchukua, akiwa chaguo la 141 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi. Huko alimkuta pacha wake, Shaquill, aliyemtangulia kuzaliwa kwa dakika moja. Shaquem ndiye Doto.

Alistaafu Agosti 2022, akiwa na miaka 27.