Akiba Iliyozikwa Kwenye Tope la Mombasa

Bamvua likianza kupwa, maji yanayopita mbele ya ukingo wa Mama Ngina hubadilika rangi. Watu wamekaa karibu na mibuyu na mihogo yao ya kukaanga, macho yako kwenye meli na feri ya Likoni. Maji hayo yanatoka ndani, kwenye mahori ya Port Reitz na Mwache, nayo yamebeba tope, uchafu wa mji na vipande vya majani ya mikoko.

Jani la mkoko likianguka, mara nyingi wa kwanza kulifikia ni kaa. Hulivuta hadi shimoni, akala sehemu, nyingine ikabaki imezikwa. Huko chini tope ni jeusi, halina oksijeni, kwa hiyo jani huoza polepole mno. Ile harufu ya yai viza ambayo wengi huikimbia ndiyo dalili kwamba kazi inaendelea: kaboni ambayo mti uliivuta hewani imefungiwa humo, na yaweza kukaa mamia ya miaka. Jani lisilozikwa hutoka na maji, likasagika, likawalisha uduvi na samaki wadogo. Ukifyeka mikoko, tope likapigwa na hewa, akiba ya vizazi hurudi angani kuwa hewa ukaa.

Mombasa tumeshaonja hasara hiyo. Mwaka 1988 mafuta mazito yalimwagika Makupa yakaua mikoko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikashusha udongo mwingi Mwache, ukafukia mizizi ya kupumulia, miti ikafa. Leo maji taka ya mtaa wa Mikindani yanaingia hori la Tudor, na bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni ambayo samaki wanaihitaji.

Gazi, kule Kwale, wameonyesha njia. Mradi wao wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013 wakisaidiwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, unatunza hekta 117 na kuuza hifadhi ya takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha hizo zimepeleka maji na vitabu vya shule kijijini. Watu wa Vanga, huko huko Kwale, nao wakafuata.

KMFRI makao yake yapo hapa hapa Mkomani. Elimu tunayo mlangoni. Ukingo wa Mama Ngina ulipendezeshwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019, na ni jambo jema. Sasa naiomba kaunti iyageukie mahori yaliyo nyuma ya kisiwa, ianze na maji taka ya Mikindani.