Ng'ombe Ana Homa au Hana? Namna ya Kusoma Digrii za F na za C

Mkulima mmoja asema ng'ombe wake ana joto la 104. Jirani yake asema wa kwake ana 40. Je, ni yupi aliye mgonjwa zaidi? Joto lao ni sawasawa, ila vipimo ni viwili. Asiyejua jambo hili akisikia "40" huweza kufikiri ni kidogo, akangoja mpaka kesho. Na kwa ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe wa masikio, kungoja kwaweza kukupotezea ng'ombe.

Kipimo cha F kilianzishwa na Bwana Fahrenheit mwaka 1724. Kwa kipimo hicho maji huganda kwa digrii 32 na huchemka kwa 212. Kipimo cha C ni cha Bwana Celsius wa Uswidi, mwaka 1742. Kwa kipimo hicho, kama kitumiwavyo leo, maji huganda kwa 0 na huchemka kwa 100. (Hayo ni kwa usawa wa bahari, huku Kinangop maji huchemka kabla ya kufika hapo.) Basi kati ya kuganda na kuchemka F ina digrii 180, na C ina 100. Maana yake digrii 9 za F ni sawa na digrii 5 za C, na hesabu yote yatoka hapo.

Kugeuza F iwe C, toa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9. Tuchukue 104: ukitoa 32 hubaki 72, mara 5 ni 360, gawanya kwa 9, wapata 40. Kurudi kwenye F, zidisha kwa 9, gawanya kwa 5, kisha ongeza 32. Watu wengi husahau ile 32, au huitoa mwisho badala ya mwanzo.

Lakini ukiambiwa joto "limepanda digrii 2 za C", usiiguse 32 kabisa. Hapo ni kuzidisha kwa 9 na kugawanya kwa 5 tu: limepanda digrii 3.6 za F, na hilo si jambo dogo.

Ng'ombe mzima huwa na joto la karibu 101.5 F, yaani 38.6 C. Ndama huzidi kidogo. Mpime asubuhi, akiwa kivulini na ametulia. Akipita 103 F (39.4 C), mtazame tezi zilizo chini ya masikio kama zimevimba, na umwite afisa wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kipimajoto cha zebaki kikung'ute kwanza mpaka zebaki ishuke, ukipake mafuta, kisha ukiingize katika njia ya mavi kwa dakika 3, kikigusa ukuta wa ndani. Kifunge uzi kisije kikapotelea humo. Usikioshe kwa maji moto, kitapasuka. Kile cha betri chaweza kuonyesha F au C, kwa hiyo soma herufi kabla ya tarakimu. Unapopeleka habari kwa afisa, andika vyote: "104 F, saa 1 asubuhi."