Dhahabu haijui mpaka, sheria inaujua

Miamba yenye dhahabu ya Migori, Kenya, haikomi Isebania. Inaendelea hadi upande wa Tarime, Tanzania. Si ajabu mfanyabiashara anayepita njia hiyo kila wiki akatamani kujaribu bahati yake siku za mapumziko.

Anayeanza asikimbilie kununua kifaa cha kutambua metali. Kifaa hicho hulilia msumari, kizibo cha soda, hata udongo mwekundu wenye chuma, na vumbi laini la dhahabu hakilioni. Beseni pana na maji hufundisha zaidi. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo uleule, hivyo mchanga ukitikiswa na kumwagwa polepole, yenyewe hubaki chini. Ikigongwa kwa nyundo hubonyea; jiwe linaloing'aria tu husagika. Zebaki isiguswe: mvuke wake ni sumu.

Kubwa zaidi ni kibali. Sheria ya Madini ya Tanzania ya 2010 hairuhusu kutafuta madini bila leseni, hata kwa kujifurahisha, na leseni ya uchimbaji mdogo ni ya raia. Kenya nayo, kwa sheria ya 2016, kibali cha mchimbaji mdogo hupewa Mkenya. Soko la pamoja la Afrika Mashariki halijaondoa masharti hayo. Hivyo safari ianzie ofisi ya madini ya eneo husika.

Dhahabu ya Tanzania huuzwa kwenye masoko ya madini, kama la Geita lililofunguliwa 2019. Ikivushwa mfukoni ni magendo, na punje moja inaweza kumeza mtaji wa duka zima.